Shajara ya Mradi: Kukuza na Kuboresha Uanagenzi katika Karakana za Dar es Salaam

Wiki ya 1

Tumefungua shajara hii ili kila hatua ya mradi iandikwe ikiwa bado mbichi, kabla haijalainishwa na lugha ya taarifa za robo mwaka. Kazi yetu ni kupanua uanagenzi katika mkoa wa Dar es Salaam, yaani kuongeza idadi ya vijana wanaojifunza ufundi wakiwa kazini chini ya mafundi wazoefu, na wakati huohuo kuinua ubora wa mafunzo hayo mpaka yaweze kupimwa na kutambuliwa rasmi. Tuko watu 4: mimi mratibu, mkufunzi mstaafu wa useremala ambaye sote tunamwita Mwalimu, afisa maendeleo ya jamii, na mhasibu anayetusaidia siku 2 kwa wiki.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu wenye wilaya 5 za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Vyuo vya ufundi vilivyopo, vya umma na vya binafsi, haviwezi kuwapokea vijana wote wanaotafuta stadi ya kuwalisha, na ndiyo maana karakana za mitaani zimekuwa chuo kikubwa kuliko vyote ingawa hazina geti, sare wala kengele. Samani zinatengenezwa Keko, vyuma vinachomelewa na kufinyangwa Gerezani, magari yanafunguliwa katika gereji za Ilala na Tandale, na mafundi cherehani wako karibu kila mtaa. Kijana huingia huko akipelekwa na mjomba au jirani, au akijipeleka mwenyewe. Huitwa saidia fundi, hufagia, hubeba, hutumwa, na baada ya miaka ambayo hakuna aliyeihesabu huonekana naye ni fundi. Kwa hiyo hatuanzishi jambo jipya. Tunakuta jambo lenye umri mkubwa kuliko sisi, nasi tunaomba ruhusa ya kulitengeneza bila kulivunja.

Wiki ya 2

Tumeanza na Keko kwa sababu ya jambo moja la kijiografia ambalo limekuwa likinisumbua kwa muda mrefu. Karakana za Keko na chuo cha VETA, mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, kilichoko Chang'ombe, vyote viko wilaya ya Temeke, na mtu mwenye miguu mizima hutoka upande mmoja hadi mwingine bila kuhitaji daladala. Hata hivyo mafundi wengi tuliozungumza nao walituambia kwamba hawajawahi kuingia chuoni hapo, na mmoja, ambaye ametengeneza makabati kwa zaidi ya miaka 30, alisema kwamba wanaotoka huko huja kwake kuomba nafasi ya mazoezi kwa wiki chache, wakaondoka kabla hajazijua hata sura zao.

Siku 4 tulizozunguka zimetupa karakana 11 ambazo wenyewe wako tayari kuzungumza nasi zaidi: 6 za useremala, 3 za uchomeleaji na 2 za ushonaji. Nimeandika "kuzungumza" kwa makusudi, kwa sababu hakuna aliyekubali kupokea mwanagenzi siku hiyohiyo, na ningemtilia shaka ambaye angekubali.

Wiki ya 3

Wiki hii imekuwa ya kusoma na kupiga hodi ofisini. Tumetaka kujua ni nini kimeshafanywa, tusije tukajenga ukuta juu ya msingi wa mtu mwingine.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyeti vyake vya taifa vya ufundi stadi viko katika ngazi 3. Wazee wa karakana bado wanahesabu kwa gredi za zamani, wakimsifu mtu kwa kusema "huyo alikuwa gredi wani," na itatubidi tuzijue lugha zote mbili. Upo pia mfumo ambao VETA inauita uanagenzi pacha, uliojengwa kwa ushirikiano na Chemba ya Ufundi ya Hamburg, mji wa Ujerumani ambao ni mji dada wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010. Humo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya darasa na mahali pa kazi, na mwajiri huhesabiwa kuwa mwalimu wa pili. Katika hoteli, Chuo cha Taifa cha Utalii, Chama cha Waajiri Tanzania na Shirika la Kazi Duniani waliendesha uanagenzi wa namna hiyohiyo. Na kwa fundi ambaye hajawahi kukaa darasani kuna urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu hupimwa kwa alichonacho mikononi, akaelekezwa pale penye pengo, kisha akapewa cheti.

Nilichokiona katika mipango hii ni kwamba iliyofanikiwa ilikuwa na mwajiri mwenye ofisi, mtunza kumbukumbu na mishahara inayolipwa tarehe inayojulikana. Karakana ya Keko haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina fundi, kibanda, mashine ya kukodi na wateja wanaopiga simu usiku. Kuupeleka uanagenzi pacha katika karakana kama ulivyo hotelini ni kumvisha mtoto koti la baba yake.

Wiki ya 5

Mkutano wa kwanza na mafundi umefanyika, na nitauandika kwa urefu kwa sababu umebadilisha mradi.

Tulikuwa tumeandaa hoja nzuri: kwamba mwanagenzi aliyefundishwa kwa mpango huongeza uzalishaji, kwamba karakana yenye vijana wenye vyeti huaminiwa zaidi na wateja wakubwa, kwamba mkoa wote utafaidika. Mafundi walisikiliza kwa adabu. Kisha yule fundi mwenye zaidi ya miaka 30 kazini, ambaye katika shajara hii nitamwita Mzee wa Makabati kwa kuwa hajapenda jina lake liandikwe, akasimama na kutuuliza kama tunajua fundi hupata wapi chakula chake. Tukajibu kwamba anakipata katika kutengeneza. Akatikisa kichwa. "Kutengeneza kila mtu anaweza kufundishwa, hata wewe Mwalimu ukinipa miezi sita. Chakula changu kiko kwenye kupima. Nikienda nyumbani kwa mteja na futi kamba, ndipo ninapoijua nyumba yake, ndipo ninapojua mbao ngapi, ndipo ninapotaja bei. Kijana akijua kupima, kesho mteja ni wake."

Ukumbi ulitulia kwa namna ambayo ilionyesha kwamba amesema la wote. Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo kutoka Temeke, aliongeza kwamba kwake siri iko kwenye kukata kitambaa. Wasichana wake wanashona vizuri kabisa lakini mkasi haujawahi kutoka mkononi mwake. Mchomeleaji alitaja kukadiria idadi ya vyuma vya geti kabla ya kwenda dukani. Kila fani ina mlango wake mmoja, na kila fundi ameushika ufunguo.

Nimerudi nyumbani na maneno hayo na sikulala mapema. Tumekuwa tukifikiri kwamba vijana hukaa karakanani miaka mingi bila kukamilika kwa sababu mafundi hawajui mbinu za kufundisha. Kumbe wanafundisha kila kitu isipokuwa kile kimoja ambacho kingemfanya kijana asimame peke yake, na hawafanyi hivyo kwa roho mbaya. Wao hawana cheti, hawana pensheni, hawana mkataba na mteja yeyote. Wanachomiliki ni kule kupima. Mradi unaowapelekea kijana, ukampa kijana huyo cheti, kisha ukawaacha wao kama ulivyowakuta, unawaomba wamlee mshindani kwa gharama zao.

Tumekubaliana kubadili mpangilio. Kabla ya mwanagenzi yeyote kupata cheti, fundi wake atapewa nafasi ya kurasimisha ujuzi wake. Mhasibu ameuliza fedha zitatoka wapi, na ni swali la haki. Tumepunguza idadi ya wanagenzi tuliyokuwa tumeikusudia kwa awamu ya kwanza, tukabaki na 24. Taarifa yetu itaonekana ndogo. Naamini ni afadhali.

Wiki ya 6

Tumeandika mapatano ya uanagenzi, kurasa 2, kwa Kiswahili kinachoweza kusomwa kwa sauti na kueleweka na mtu aliyeshika randa. Mwongozo wetu ulikuwa Pendekezo Namba 208 la Shirika la Kazi Duniani kuhusu uanagenzi bora, lililopitishwa Juni 2023, ambalo linataka kuwe na maandishi yanayoeleza wajibu wa kila upande, muda wa mafunzo, malipo, saa za kazi, usalama, na ujuzi utakaotambuliwa mwishoni. Tulichukua kila moja ya mambo hayo tukauliza: hapa Keko maana yake ni nini?

Muda umewekwa kuwa miezi 18. Siku 4 za wiki ni za karakana na siku 1 ni ya darasa pamoja na Mwalimu, ambayo ni Jumatano kwa kuwa mafundi walisema mwisho wa wiki ndipo wateja huchukua vitu vyao. Miezi 6 ya kwanza mradi unalipa nauli na fundi anatoa chakula cha mchana. Baada ya hapo mwanagenzi anapata sehemu ya malipo ya kila kazi aliyoshiriki, kwa kiwango kilichoandikwa. Kuhusu umri tulikuwa na mjadala, kwa kuwa baadhi ya mafundi walianza wakiwa na miaka 11 au 12 na hawaoni ubaya wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na msumeno wa mviringo ni hatari kwa mtu wa umri wowote. Tumeamua kupokea wenye miaka 18 na kuendelea.

Kipengele cha mwisho kilidaiwa na mafundi wenyewe, nasi tulikikubali baada ya kubishana kwa siku nzima: mwanagenzi anayefundishwa kupima na kukadiria bei hatafungua kazi yake katika mtaa uleule kwa miezi 12 baada ya kumaliza, wala hatawafuata wateja wa fundi wake. Sijui kama kipengele hiki kingesimama mbele ya wakili, lakini kimeandikwa kwa mkono wa mafundi na ndicho kilichowafanya wapige dole gumba.

Wiki ya 9

Vijana 24 wameingia karakanani, 9 kati yao wakiwa wasichana. Wasichana 2 wamechagua uchomeleaji, na tulikuwa tumejiandaa kwa upinzani ambao haukutokea. Fundi aliyewapokea aliuliza tu kama wanaogopa moto, wakasema hapana, akawapa barakoa.

Tatizo lililotokea ni lile ambalo tungeliona mapema kama tungetazama ramani badala ya kutazama orodha. Karakana zimekusanyika katikati ya mkoa, hasa Temeke na Ilala, ilhali vijana wanaozihitaji wanaishi pembezoni ambako viwanja vilikuwa nafuu kwa wazazi wao: Chanika, Mbagala ya ndani, Bunju, Goba, Kigamboni. Kijana wa Chanika hupita Pugu na Gongo la Mboto kabla hajaliona jiji, na anabadilisha gari. Wa Kigamboni hupanda daladala, kisha kivuko cha Magogoni, kisha daladala nyingine, au huzunguka kwa daraja. Nauli tuliyokadiria kwa wastani imewatosha wanaoishi jirani na kuwapungukia wanaotoka mbali, yaani tumewasaidia zaidi wale wenye shida ndogo. Kuanzia wiki ijayo nauli italipwa kwa umbali, na mhasibu ameshapanga upya hesabu.

Wiki ya 13

Ukaguzi wa kwanza. Kila mwanagenzi ana kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, na kwa kuwa mafundi wengi walituambia kuandika ni mzigo, tumekifanya kuwa kitabu cha picha: kila ukurasa una mchoro wa kazi moja, kama kuchora alama, kukata, kuranda, kuunganisha kwa ulimi na tundu, kufunga bawaba, kupiga msasa, kupaka vanishi, na chini yake kuna visanduku 3 vya kuweka alama: ameona, amesaidia, amefanya peke yake.

Katika karakana nyingi alama zimetawanyika kama inavyotakiwa. Katika moja, ambayo siitaji, kitabu cha kijana kilikuwa na alama ukurasa mmoja tu. Amepiga msasa kwa wiki 4. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, na nilipomuuliza anaendeleaje alinijibu "salama, shikamoo," bila kuongeza neno. Mwenye karakana alieleza kwamba amepata oda kubwa ya vitanda na kila mtu lazima awe mahali anapofaa. Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba anayepiga msasa wiki 4 anaitwa kibarua, na kibarua hulipwa kwa siku. Tuliwaacha wazungumze peke yao, wazee kwa wazee. Siku 3 baadaye fundi yule alitutumia ujumbe kwamba angependa kujitoa. Tumemhamisha kijana.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu oda ya vitanda ilikuwa ya kweli na fundi hakuwa mtu mbaya. Lakini mradi ukikubali wiki 4 za msasa kwa jina la mafunzo, hautakuwa na namna ya kukataa miezi 4.

Wiki ya 14

Cheche ya chuma imemwingia jichoni mwanagenzi wa uchomeleaji alipokuwa akisaga ncha za geti. Miwani ya kinga ilikuwepo, ikiwa imetundikwa msumarini. Fundi wake alimkimbiza hospitali yeye mwenyewe, cheche ikatolewa, na daktari amesema jicho litapona. Gharama tumezilipa sisi. Kuanzia leo darasa la Jumatano linaanza na dakika 20 za usalama kwa fani zote, na miwani imenunuliwa kwa kila mtu akiwemo fundi, kwa kuwa kijana huiga anachokiona kuliko anachoambiwa, na mafundi wetu wengi husaga wakiwa wamefumba jicho moja.

Wiki ya 18

Mafundi 8 wamekubali kupimwa. Wengine 2 wamesema watangoja waone.

Nilihudhuria upimaji wa Mzee wa Makabati. Mpimaji alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, naye kabla ya jambo lolote alimwamkia na kuomba radhi kwamba atamuuliza maswali ambayo pengine mzee anayajua kuliko yeye. Ilikuwa busara kubwa. Mzee alitengeneza droo yenye viungo vya mkia wa njiwa bila kupima mara mbili, akaeleza kwa nini mninga haupigwi msumari karibu na ncha, akaeleza namna ya kutambua mbao iliyokaushwa haraka. Alipoulizwa kusoma mchoro wenye vipimo vya milimita alinyamaza. Amefanya kazi maisha yake yote kwa inchi na kwa vijiti anavyovikata kwa urefu wa ukuta. Mpimaji akaandika kwamba hilo ndilo pengo, na kwamba linahitaji siku chache za mafunzo.

Nilihofia kwamba fundi angeona amevunjiwa heshima. Jumatano iliyofuata alikuja darasani, akaketi nyuma kabisa, na mwanagenzi wake mwenyewe akamsogezea rula. Hakuna aliyesema kitu. Wamekaa hivyo Jumatano 4 sasa, mzee akijifunza milimita kutoka kwa kijana ambaye siku nyingine zote za wiki anajifunza kuranda kutoka kwake.

Wiki ya 22

Tumetembelea viwanda viwili vya kati katika upande wa Mkuranga na Kibaha, kwa sababu jiji hili kikazi limeshavuka mipaka ya mkoa na vijana wetu wengine watapata ajira Pwani. Mapokezi yalikuwa mazuri na majibu yalikuwa yaleyale: tunahitaji waliokwisha kuiva.

Tulizungumzia pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo waajiri huilipa juu ya mishahara. Ilikuwa asilimia 6 kabla ya mwaka 2013, ikashushwa kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023, na tangu mwaka 2021 inamhusu mwajiri mwenye watu 10 au zaidi. Meneja mmoja alisema kwamba analipa tozo hii kila mwezi na haoni kwa nini alipe tena kwa kumpokea mwanagenzi. Namwelewa. Lakini nimefikiria pia upande wa pili: karakana ya Keko yenye watu 5 hailipi tozo, kwa hiyo wakati wa kugawa manufaa haionekani, ilhali ndiyo inayowafundisha vijana kuliko yeyote anayelipa. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa wenye kupanga sera walitazame, ni namna ya kumlipa fundi mdogo kwa saa anazozitumia kufundisha. Saa hizo ni fedha. Akisimama kumwonyesha kijana kushika patasi, kitanda cha mteja kinangoja.

Tumekubaliana na kiwanda kimoja kwamba wanagenzi 4 watakwenda huko kwa wiki 6 ili waone mashine ambazo Keko hakuna, kisha warudi kwa mafundi wao.

Wiki ya 24

Fupi. Afisa wetu amekaa siku 2 katika halmashauri kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Utaratibu unahitaji kikundi kilichosajiliwa. Vijana wetu watakaomaliza watahitaji vifaa, na afadhali waanze kuunda vikundi sasa, wakiwa bado wanaonana kila Jumatano, kuliko kutafutana baadaye kwa simu. Vikundi 3 vimeanza kuandika katiba.

Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023 imeanzisha mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, katika shule za sekondari, na baadhi ya walimu wa shule hizo wameshatuuliza kama karakana zetu zinaweza kupokea wanafunzi kwa mazoezi. Tumejibu kwamba tuwape mafundi nafasi ya kupumua kwanza.

Wiki ya 26

Jumatatu Mzee wa Makabati alimkabidhi mwanagenzi wake futi kamba, akamwambia aende Mbagala akapime jiko la mteja. Alimwita kabla hajafika barabarani, akamrudisha, akampa na guni, kile kifaa cha kukagulia pembe mraba. Kijana alinipigia simu akiwa kwenye daladala kuniambia jambo hilo tu, kwamba ametumwa kupima, akakata.

Alipima vizuri, kwa milimita, akachora, akakadiria mbao. Mzee aliukagua mchoro na kuukubali. Makabati yalitengenezwa kwa siku 5, yakapelekwa, na yalipofikishwa ukutani kabati la kona halikuingia. Ukuta wa nyumba ile haukuwa mraba. Ulikuwa umelala kwa sentimita 2 na kitu kutoka chini hadi juu, na kijana alikuwa amepima chini peke yake. Mzee alisema kwamba kosa hilo yeye mwenyewe alilifanya mara 2 alipokuwa kijana, na kwamba alikuwa amesahau kumwonya kwa sababu siku hizi mkono wake hupima juu na chini bila kumuuliza. Wamelirekebisha kabati, lakini ubao mmoja mzima umeharibika na mteja amekata sehemu ya malipo.

Nani analipa? Mapatano yetu hayasemi. Tuliandika kuhusu nauli, chakula, saa, usalama na wateja, hatukuandika neno lolote kuhusu gharama ya kosa la anayejifunza, ingawa kila fundi anajua kwamba hakuna kujifunza kusikoharibu ubao. Kijana alitaka gharama ikatwe katika sehemu yake ya malipo atakapoanza kuipata. Mzee alikataa, akasema alimtuma yeye. Mwalimu anapendekeza mfuko mdogo wa mbao utakaochangiwa na mradi na karakana kwa pamoja, wenye kikomo kwa kila mwanagenzi. Mama wa ushonaji ametuma ujumbe kwamba anaunga mkono, kwa kuwa ameshaandaa kitambaa cha vitenge ambacho wiki ijayo msichana wake atakikata kwa mara ya kwanza. Mafundi wote wameitwa Jumamosi saa 4 asubuhi, katika kibanda cha Mzee, kuandika kipengele hicho.